James Jamerson, mpiga besi aliyekataa kubadilisha nyuzi



Mwezi uliopita nilipanda hadi Longonot kumjulia hali mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye riziki imemtoa Kisauni ikampeleka bara. Mchana hufunga maua katika shamba moja upande wa Naivasha. Jumamosi usiku hupiga gitaa la besi na vijana wenzake, mara hotelini, mara harusini. Baada ya shikamoo na marahaba, na kabla chai haijapoa, akanitolea shida yake. Nyuzi za besi yake zimechoka. Seti mpya ya nyuzi nne inakula karibu mshahara wake wa wiki nzima. Asiponunua, wenzake wanamwambia sauti yake imekufa. Akinunua, atamtumia mama yake nini?

Aliniuliza mimi kwa sababu anajua kwamba katika ujana wangu, kabla sijakwenda kusomea diploma, nilipiga besi miaka miwili katika hoteli za ufukweni. Kwetu pwani adui wa uzi ni chumvi. Hewa ya bahari na jasho la mkono huingia katika mikunjo ya waya, na kabla ya mwezi kwisha uzi umeshashika kutu. Tulikuwa tukizivua, tukizichemsha kwenye sufuria ya maji, tukizifuta na kuzirudisha, nazo zikilia vizuri kwa siku chache. Longonot hakuna chumvi. Kuna vumbi la mlima ule wa volkano, jembamba kama unga wa ngano, linaloingia hadi ndani ya kabati. Lakini shida ni ile ile: uzi hufa, na kuununua mwingine ni gharama.

Sikumjibu moja kwa moja. Nilimsimulia maisha ya mtu mmoja ambaye huenda ndiye mpiga besi aliyesikilizwa na watu wengi zaidi duniani bila wao kumjua jina. Nimeona niwasimulie na ninyi.

Mtoto wa kisiwani

James Jamerson alizaliwa tarehe 29 Januari 1936 katika kisiwa cha Edisto, karibu na mji wa Charleston, jimbo la South Carolina nchini Marekani. Msomaji wa Lamu au Pemba angekielewa kisiwa hicho upesi. Ni pwani ya maji kupwa na maji kujaa, ya wavuvi na wakulima, na ya wanawake wanaosuka vikapu vya nyasi. Wakazi wake weusi ni kizazi cha Waafrika waliopelekwa utumwani, na kwa kuwa visiwa viliwatenga na bara, walihifadhi lugha yao na mila nyingi za wazee wao. Huitwa Wagullah.

Wazazi wake walitengana, na sehemu kubwa ya utoto wake alilelewa na jamaa, bibi yake akiwa mmoja wao. Alipata ajali ya baiskeli iliyomlaza muda mrefu na kumwachia kuchechemea. Husimuliwa kwamba mchezo wake mmoja wa utotoni ulikuwa kuchukua kijiti, kukifunga mpira mrefu wa kunyumbuka, kukichomeka ardhini karibu na siafu na kuupiga ule mpira ili wadudu wacheze. Wazee wetu wanaokumbuka zeze na pinde za kupigwa hawatashangaa. Uzi mmoja, kijiti kimoja na mtoto asiye na kazi ya kufanya.

Mwaka 1954 alimfuata mama yake Detroit, mji wa viwanda vya magari kaskazini mwa nchi. Watu weusi wengi wa kusini walikuwa wakihamia huko kutafuta kazi, kama sisi tunavyotoka pwani kwenda kufunga maua Naivasha. Katika shule ya upili ya Northwestern alikuta besi kubwa ya kusimama, ile ya mbao inayomzidi mtu kimo, ambayo wapenzi wa taarabu wa Unguja waliizoea katika vikundi vikubwa. Alikuwa na mikono mikubwa yenye nguvu, na chombo hicho kinataka nguvu. Kabla ya kufika miaka ishirini na mitano alikuwa akipiga jazi na bluzi katika vilabu vya usiku, na tayari alikuwa mume na baba.

Chumba cha chini

Mwaka 1959 kijana mmoja wa Detroit, Berry Gordy, alikopa dola 800 katika mfuko wa akiba wa familia yake akaanzisha kampuni ya kurekodi muziki, ambayo baadaye dunia iliijua kwa jina la Motown. Ofisi ilikuwa nyumba ya kawaida katika barabara ya West Grand Boulevard, nambari 2648. Studio ilikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, chumba kidogo cha chini kilichojaa nyaya, nao wapigaji walikiita Shimo la Nyoka.

Jamerson aliingia humo mwanzoni kabisa. Pamoja na wenzake waliojiita Funk Brothers, ndio waliokuwa nyuma ya waimbaji ambao majina yao yalitandazwa kila mahali: Supremes, Temptations, Four Tops, Marvin Gaye, Stevie Wonder. Mwimbaji alibadilika kila siku, lakini wapigaji walikuwa wale wale. Mzee anayekumbuka My Girl ya mwaka 1964 anakumbuka zile noti za besi zinazotangulia kabla ya kitu kingine chochote. Ni kidole cha Jamerson.

Nasema kidole kwa sababu kilikuwa kimoja. Wapiga besi wengi hutumia vidole viwili vya mkono wa kulia, kimoja kikipokezana na kingine. Yeye alitumia kidole cha shahada peke yake, tabia aliyotoka nayo kwenye besi ya kusimama, na wenzake wakakibandika jina la Ndoano. Kwa ndoano hiyo moja alipiga mistari ambayo wenye vidole viwili hadi leo hutoka jasho kuifuata. Sikilizeni Bernadette ya Four Tops, ya mwaka 1967. Kabla yake, besi katika nyimbo za dansi ilikuwa kama nguzo ya nyumba: inashikilia paa na haisogei. Yeye aliifanya izungumze na mwimbaji, impishe, imjibu na imtangulie, lakini nyumba isianguke.

Nyuzi zenyewe

Miaka ya mwanzo ya 1960 aliiacha besi ya kusimama na kuchukua ya umeme. Chombo hicho kilikuwa bado kigeni. Leo Fender wa California alikuwa amekiingiza sokoni mwaka 1951 kwa jina la Precision. Kilibebeka begani na kilisikika hata penye tarumbeta na ngoma. Besi ya kwanza ya Jamerson iliibwa. Ile iliyokaa naye ilikuwa Precision ya mwaka 1962, nayo akaipa jina la Funk Machine.

Hapa ndipo penye jibu la mpwa wangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uzi wa besi haujatengenezwa kwa waya mmoja. Ndani kuna kiini cha chuma, na juu yake kimezungushiwa chuma kingine. Kinachozungushwa kikiwa waya wa mviringo, uzi unakuwa na mikwaruzo, unalia kwa ukali na kung'aa, kama kengele. Uzi wa namna hiyo ulivuma baada ya mwaka 1966, pale kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilipoutengeneza kwa ajili ya John Entwistle wa bendi ya The Who. Ubaya wake ni kwamba mikunjo yake hunasa jasho, chumvi na vumbi, na ule mng'ao hufa upesi. Ndizo nyuzi alizofunga mpwa wangu, na ndizo tulizokuwa tukizichemsha.

Kinachozungushwa kikiwa utepe bapa, uzi unakuwa laini ukiushika, mithili ya fimbo iliyopigwa msasa. Sauti yake ni nzito, imetulia, haipigi kelele. Ndio uzi wa zamani zaidi kwenye gitaa la besi, na ndio aliotumia Jamerson. Alifunga nyuzi bapa za La Bella, nene kuliko kawaida: ule mwembamba kabisa inchi 0.052 na ule mnene 0.110. Nyuzi hizo alizipandisha juu ya shingo kiasi kwamba mwenzake akiazima besi hiyo vidole vilimuuma. Chini, pale nyuzi zinapoishia, alibana kipande cha sponji ili sauti isivutike ovyo. Vifundo vya sauti alivifungua hadi mwisho akaviacha hapo.

Na hakuzibadilisha. Nyuzi zile zilikaa mwaka baada ya mwaka, na uzi ulibadilishwa pale tu ulipokatika. Mafuta ya mkono na uchafu uliogandia juu yake hakuviona kuwa kasoro. Aliamini ndivyo vilivyotunza utamu wa sauti. Kwa nyuzi kuukuu hizo zilirekodiwa nyimbo zilizofika nambari moja Marekani mara nyingi, na Paul McCartney wa Beatles, ng'ambo ya bahari, amekiri kwamba alijifunza kwake wakati ambapo hakujua hata mpigaji anaitwa nani.

Msije mkafikiri kwamba siri ilikuwa uchafu. Kuna vijana leo wanatafuta nyuzi za unene ule ule, wanabana sponji ile ile, wanaacha kunawa mikono, na hawatoi sauti ile. Uzi ulimfaa kwa sababu alijua anataka sauti gani, kisha akauacha ufanye kazi hiyo. Yule anayetaka besi ilie kama kengele asifunge nyuzi za Jamerson.

Jina kwenye jalada

Sasa ubaya. Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, jina lake na ya wenzake hayakuchapishwa kwenye majalada ya sahani za Motown. Walilipwa ujira wa kurekodi. Baadaye ujira huo ulipanda, na simdhulumu tajiri wao kwa kusema waliachwa na njaa. Lakini mauzo yalipoingia, hisa haikuwafikia, kwa kuwa kwenye makaratasi wao hawakuwa watunzi wala waimbaji. Usiku walipiga vilabuni kuongeza kipato, na wasikilizaji wa vilabuni hawakujua kwamba wale ndio waliopiga kila wimbo unaotoka redioni.

Mwaka 1970 Marvin Gaye alitaka kurekodi wimbo wake What's Going On, na hakutaka mpiga besi mwingine. Inasimuliwa kwamba alimtafuta usiku hadi akamkuta kwenye kilabu, na Jamerson akafika studio akiwa hawezi kukaa sawasawa kitini. Akapiga akiwa amelala chali sakafuni. Jambo hilo huhadithiwa kwa kicheko. Mimi silichekei, kwa sababu pombe iliyomlaza sakafuni ndiyo iliyokuja kumuua. Lakini alirudi nyumbani akamweleza mkewe kwamba kazi aliyoifanya siku ile ilikuwa kubwa mno, na hakukosea. Mwaka 1971 albamu hiyo ilipotoka, majina ya wapigaji yalichapishwa kwenye jalada, na lake likatajwa kwa sifa. Alikuwa na umri wa miaka 35, na nusu ya dunia ilikuwa imeshacheza kwa besi yake.

Mwaka huo huo wa 1970 hapa Longonot ilifunguliwa stesheni ya mawasiliano ya satelaiti, ile yenye masahani makubwa yanayotazama angani, na sauti za nje zikaanza kuingia Kenya kwa njia ya anga. Muziki wa Detroit ulikuwa umeshatufikia kwa sahani za santuri na kwa redio. Wazazi wetu waliucheza Mombasa na Nakuru bila kujua kwamba besi iliyowachezesha ilipigwa na mtoto wa kisiwani.

Mwisho wake

Mwaka 1972 Motown ilihamia Los Angeles. Wapigaji wa Detroit hawakuitwa kikaoni kushauriwa. Shughuli ilifungwa na wao wakabaki. Jamerson aliifuata kazi huko California, lakini mji ulikuwa mwingine na muziki ulikuwa umebadilika. Maprodyuza sasa walitaka sauti kali ya nyuzi mpya za mviringo, na walitaka mpigaji afuate noti zilizoandikwa. Yeye alikuwa na nyuzi zake kuukuu na Ndoano yake. Aliambiwa abadilike na hakuweza, au hakutaka. Simu zikapungua, pombe ikazidi.

Tarehe 25 Machi 1983, mjini Pasadena, kampuni hiyo ilifanya sherehe kubwa ya miaka 25, ikarekodiwa kwa televisheni. Waimbaji wengi walialikwa. Waliosimulia maisha yake wanaeleza kwamba Jamerson alijinunulia tiketi kwa mlanguzi, akaenda kukaa juu nyuma kabisa, akatazama nyimbo alizozipiga zikishangiliwa. Siku chache kabla ya kufa, Funk Machine yenyewe iliibwa, pamoja na nyuzi zake. Alifariki Los Angeles tarehe 2 Agosti 1983, maini yakiwa yameharibika, umri wake miaka 47. Akarudishwa Detroit kuzikwa.

Heshima ilikuja baada yake. Mwaka 1989 Allan Slutsky alitoa kitabu cha maisha yake. Mwaka 2000 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki, katika kundi la wapigaji wa nyuma. Mwaka 2002 ikatoka filamu ya Funk Brothers. La Bella hadi leo inauza seti ya nyuzi yenye jina lake.

Alichoniambia mpwa wangu

Nilidhani kijana angeniuliza bei ya nyuzi bapa. Badala yake alinyamaza, kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Mwaka jana aliitwa studio moja Nakuru kupiga besi kwenye wimbo. Alipewa shilingi elfu moja na mia tano na soda. Wimbo ule sasa unapigwa kwenye matatu za barabara ya Naivasha. Kila akipanda asubuhi kwenda kufunga maua anajisikia mwenyewe akipiga, na hakuna palipoandikwa jina lake. Hakuweka sahihi popote. Prodyuza hata hakumuuliza jina la pili.

Basi nikamjibu yote mawili. Kuhusu nyuzi, nilimwambia atazame kazi yake. Yeye anapiga rumba, chakacha na nyimbo za harusi, hapigi roki. Anunue seti moja ya nyuzi bapa, hata ikimgharimu zaidi leo, azifute kwa kitambaa kikavu kila akimaliza kupiga, na akae nazo miaka. Vumbi la Longonot halina pa kujificha kwenye uzi bapa. Nusu ya gharama niliitoa mimi, na mama yake asipunguziwe.

Kuhusu ule wimbo, nilimwambia kwamba Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, nayo inamtambua mpigaji na haki zake, si mtunzi peke yake. Siku nyingine kabla hajachomeka waya, aandike karatasi moja: jina lake kamili, chombo alichopiga, tarehe, malipo, na sahihi ya anayemlipa. Asione haya. Fundi cherehani huandika risiti, na mpiga besi ni fundi vile vile.

Na sisi wasikilizaji tunalo letu. Hapa pwani tunawajua waimbaji wetu kwa majina ya baba zao na mitaa yao. Wanaopiga nyuma yao hatuwajui. Kuna wazee Majengo na Kisauni waliopiga besi katika nyimbo tunazozipiga harusini kila wiki, na baadhi yao hawana fedha za dawa. Ukimjua mmoja, nenda kamjulie hali akiwa hai, na umuulize alipiga wimbo gani. Kisha andika jina lake.

Wabillahi taufiq.